Gari za Penina

Karatu, 27 Aprili 2025

Penina mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii inasafiri na kondakta wa basi la alfajiri pamoja na kilo kumi za ngwara, maharage yetu ya huku, na ole wake afungue gunia, maana nimelishona mdomo kwa mkono wangu. Sisi wazima. Mama yako Selestina alishuka juzi kutoka kijijini Daa, goti limepoa na anapalilia kama msichana. Baba yako ni yule yule, kaka yangu hajawahi kuzidisha maneno kumi kwa siku. Mvua imekuja kwa fujo na barabara ya Daa imekatika pale korongoni.

Sasa nisikilize. Hayo mambo ya magari usinitumie tena kwenye simu. Simu yangu ya tochi, herufi zenyewe kama mchwa. Niandikie kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi, haibridi ngapi na za umeme ngapi, niwasomee watu hapa kwenye kibanda changu cha cherehani. Wanadhani wewe unauza magari huko Dar. Nawaambia wee, wauzaji wako wengi, mwanangu ndiye anayewaambia wauzaji mwezi ujao watauza nini. Mzee Silvanus wa duka la jirani akaniuliza, "Kwani ni mganga?" Nikamwambia ni msomi, na nimemsomesha mimi.

Ile yadi ndogo uliyowashauri wakubwa zako waifungue huku imefunguliwa, na watu wameshayapa magari jina. Wanayaita gari za Penina. Haki ya nani, niliposikia nilisimamisha cherehani nikakaa tu.

Na mimi sikukaa bure. Nimeapa kila gari litakalotoka yadi hiyo nitalishonea kava za siti, zawadi kutoka kwa shangazi wa mwenye hesabu. Nimeanza na la Paroko. Unajua vumbi letu jekundu linavyoingia hata kwenye meno. Kava yangu ina kitambaa juu, sponji katikati na turubai chini, inashuka kutoka kichwani mwa siti hadi sakafuni, mishono miwili. Pembeni ya siti ya nyuma nikakuta vitundu kama vya spika ya redio, nikaviziba navyo vumbi lisipate pa kupita. Paroko alisema hata Askofu hana siti kama hizo.

Niandikie. Na ule vizuri, picha yako ya Pasaka umekonda.

Shangazi yako, Laurencia Hhando, fundi.


Dar es Salaam, 11 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Milele amina. Ngwara zimefika na mdomo wa gunia haujaguswa, kondakta alinikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. Nilizipika na nazi. Najua utaguna, lakini wenzangu wa nyumbani walilamba sufuria. Mimi mzima ila joto la huku halina adabu. Mwambie mama asipalilie mteremko wa juu peke yake.

Hesabu zako hizi hapa, kwa mkono wangu. Kampuni nzima, mikoa yote. Haibridi: Januari kumi na nane, Februari ishirini na moja, Machi ishirini na sita, Aprili thelathini na tatu. Za umeme mtupu: moja, sifuri, mbili, tatu. Karatu peke yake, mwezi wa kwanza tu tangu kufungua, haibridi tano. Za umeme huko hakuna bado, watu wanaogopa kuishiwa chaji katikati ya safari.

Wakikuuliza haibridi ni nini, waambie ni gari lenye injini ya petroli na betri kubwa, vinasaidiana. Likishuka mlima betri inajichaji, likipanda betri inasaidia kusukuma. Ndiyo maana niliitaja Karatu. Kwenye kikao nilisimama nikasema watu wa kupanda na kushuka kila siku ndio gari hili linawafaa. Walicheka. Bosi wangu, Bwana Patrisi, hakucheka. Alisema, "Sawa, Penina. Mpaka mwisho wa Oktoba. Hesabu za Karatu zikianguka, yadi inafungwa na wewe unarudi mapokezi."

Kwa hiyo unaona, shangazi, nimeweka jina langu juu ya mlima wetu. Nalala na wasiwasi, lakini nalala nikitabasamu.

Asante kwa kava. Usijichoshe.

Penina wako.


Karatu, 22 Juni 2025

Mwanangu wa hesabu,

Amani iwe nawe. Huku baridi imeanza, asubuhi ukungu unashuka hadi sokoni na mtu humwoni mpaka akukanyage. Mama yako ameuza mbuzi wawili, amenunua bati. Baba yako alisema "vizuri." Hilo ndilo neno lake la wiki.

Karatasi yako imebandikwa ukutani juu ya cherehani. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Mama Eva wa chakula alinibishia kwamba Aprili ni thelathini na mbili, nikamwonyesha kwa kidole, thelathini na TATU. Hapa kila anayenunua analetwa kwangu kabla hata hajaenda kuweka petroli. Nimeshona siti mpaka vidole vimeota sugu. Wiki iliyopita alikuja Ngoyai wa Oldeani, yule anayepeleka mboga hoteli za juu ya kreta ya Ngorongoro. Amelipaka gari lake mafuta ya nazi ling'ae. Nikamwambia, baba, hilo ni gari, si mtoto wa komunyo.

Na gari la umeme limepita hapa, la watalii. Halina mlio hata kidogo! Mbuzi wa Mama Eva waligoma kutoka barabarani kwa sababu hawakusikia kitu, dereva akabaki anabembeleza kwa mikono.

Nikuambie ukweli, Penina. Nimezeeka kwenye kiti hiki nikiwashonea watu sare za shule. Hakuna aliyewahi kuuliza jina langu. Mwaka huu naitwa shangazi wa Penina, na nageuka kila nikiitwa.

Laurencia.


Dar es Salaam, 10 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya bati. Nimemtumia mama misumari na kanga mbili, moja ni yako, ile ya bluu. Usikubali akubadilishie.

Leo sina utani. Mei Karatu iliuza haibridi saba, Juni nane. Julai tatu. Na kwingine kote zinapanda, Julai kampuni imefika arobaini na saba. Karatu peke yake ndiyo imeanguka.

Nimefuatilia. Magari saba ya Karatu yamerudishwa yadi na lalamiko moja. Yakipanda mlima, taa ya betri inawaka kwenye dashibodi, gari linapoteza nguvu, linabaki kutambaa. Wote ni watu wa kupanda, kwenda Rhotia au geti la Ngorongoro. Wanaozunguka mjini hawalalamiki. Betri zimepimwa kabla ya kuuzwa, ni nzima. Arusha na Babati tumeuza magari ya aina hiyo hiyo na hakuna hata moja lililorudi. Nimeyapanga kwa mwezi, kwa mwaka wa kutengenezwa, kwa kilomita, kwa umri wa dereva, nimepanga mpaka macho yananiuma, na sioni kinachoyaunganisha isipokuwa kwamba yote yako Karatu.

Shangazi, kila mwenye gari anapita kibandani kwako. Wewe una masikio kuliko mtu yeyote mji ule. Wanasema nini? Wanayafanyia nini magari? Niambie lolote, hata la kijinga.

Lesiamon, fundi wetu wa yadi, naye namwandikia. Nimemwomba naye achunguze.

Penina.


Karatu, 21 Septemba 2025

Penina,

Salamu. Samahani nimechelewa kujibu, kulikuwa na harusi ya mtoto wa Silvanus na sare za wasimamizi zilikuwa kumi na mbili. Kanga ya bluu nimeipata. Maharage yamevunwa, si haba. Mama yako anakusalimu.

Kuhusu magari sijui. Mimi ni fundi cherehani.

Kava nimeacha kushona kwa sasa, uzi ule mzito umeisha dukani.

Sali rozari.

Shangazi.


Dar es Salaam, 5 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta ukurasa wa pili.

Wewe? Wewe uliyewahi kuniandikia kurasa tatu kuhusu jogoo wa Mama Eva? Kama nimekukosea, niambie. Kama unaumwa, nitapanda basi kesho. Lesiamon naye simu hapokei siku hizi.

Hesabu ulizosema niwe nakuletea: Agosti Karatu gari moja. Septemba hakuna. Sifuri ya Karatu nimeiandika mwenyewe kwa kalamu, na sikuwahi kudhani namba inaweza kuuma hivyo.

Bwana Patrisi anataka ripoti yangu tarehe thelathini na moja. Nimeshaandika rasimu. Nimesema haibridi hazifai kwa mlima uliochanganyika na vumbi, na nimeshauri yadi ifungwe. Nimesema nilikosea. Sijaamini hata mstari mmoja wa niliyoandika, kwa sababu hesabu hazisemi hivyo, zinasema kuna kitu kimoja ambacho sikioni. Lakini mtu hawezi kuandika "kuna kitu sikioni" akaweka saini. Kwa hiyo nitasaini hilo. Penina Fabian Hhando, jina lote.

Gari za Penina. Nadhani huko siku hizi wanalitamka kwa sauti nyingine.

Nisalimie nyumbani.

P.


Karatu, 14 Oktoba 2025

Penina mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Leo sina habari za mvua wala za goti. Kaa chini kwanza.

Usisaini. Ni mimi.

Tarehe kumi na nane Agosti Lesiamon alikuja kibandani na kava yangu kwapani. Aliniamkia vizuri, unajua hawa vijana wa Endulen walivyo na adabu, ananiita yeyo, mama kwa Kimaasai. Akaniuliza, "Yeyo, hii ni kazi yako?" Na mimi mpumbavu nikajisifu! Nikamwambia ndiyo, tazama mshono huo, unataka nikushonee na wewe? Hakucheka. Alinipeleka yadi, akafungua mlango wa nyuma wa gari la Ngoyai, akanionyesha vile vitundu vilivyo pembeni ya siti. Nilidhani ni vya redio, Penina. Kumbe ndipo betri inapopumulia. Kuna feni ndani inavuta hewa hapo kuipooza, na gari likipanda mlima betri inapata joto zaidi, inataka hewa zaidi. Mimi nimeziba kwa sponji, turubai na mishono miwili. Lesiamon alitoa kava, akaendesha hadi geti la Ngorongoro na kurudi, taa haikuwaka hata mara moja.

Nilimwomba asiseme. Mama mzima, nilimshika mkono kijana wa watu nikamwomba. Alinyamaza kwa heshima ya umri wangu, ndiyo maana hapokei simu zako. Usimlaumu, hapo nimemkosea yeye pia.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa nimeshawasomea watu karatasi zako mji mzima. Nikajiona nasimama mbele yao hao hao niseme, aliyemharibia mtoto ni mimi, kwa zawadi yangu. Nikashindwa. Nikakuandikia habari za uzi. Barua ile niliifunga bila kuisoma tena.

Halafu ikaja yako. Umeandika utasaini kwamba ulikosea. Hukukosea. Uliuona mlima wetu ukiwa Dar, umbali wote huo, ukauona sawasawa. Mtu aliyekosea yuko hapa ana miwani puani na futi shingoni.

Siku hiyo hiyo nilichukua mkasi nikaenda kwa Paroko. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Akasema, "Laurencia, kumbe miezi mitatu yote nimemlaumu Mjapani bure?" Akaenda kuleta kigoda nikalie nikikata. Nimekata tundu palepale penye vitundu, nikashonea wavu wa chandarua, hewa inapita na vumbi kubwa linabaki nje. Lesiamon amepima, amesema safi.

Kwa Ngoyai ndipo palikuwa pagumu. Nimetembea hadi Oldeani. Safari tatu mboga zake zimenyauka njiani gari likitambaa, na hoteli moja imemwacha. Hakunikaribisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, mimi nimemtukana mwanao mbele za watu. Ungesema Agosti nisingemtukana." Nikasema ni kweli. Akanipa funguo, akasema, "Kata."

Nimeshafika kwa watu kumi na tisa. Wengine wamenicheka mpaka wakashika ukuta, Mama Eva ananiita fundi wa kuziba pua. Acha wacheke. Wamebaki watano, mmoja yuko Mang'ola, nitafika.

Sasa neno la mwisho. Najua utataka kunificha. Utaandika "baadhi ya wateja" au "matumizi yasiyo sahihi," nakujua, ulikuwa unanifichia hata sahani nilizovunja. Usithubutu. Ukiandika wateja, umewasingizia Paroko na Ngoyai na watu ishirini na wawili wengine ambao kosa lao ni kupokea zawadi. Andika Laurencia Hhando, fundi cherehani, Karatu. Hilo jina kwenye kazi yangu yoyote halijawahi kufichwa, nzuri au mbaya.

Ndani ya bahasha kuna kipande nilichokata kwenye kava ya Paroko, na mshono wake. Waonyeshe.

Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa najivunia wewe mpaka nikasahau kuangalia ninachoshona.

Shangazi yako.


Dar es Salaam, 9 Novemba 2025

Shangazi yangu, shikamoo, na tena shikamoo,

Barua yako niliisomea dawatini, nikaenda chooni kulia, nikarudi kuchana rasimu. Nilikukasirikia pia, nisikufiche. Miezi miwili! Nilikuwa nakonda huku, na wewe unaniambia uzi umeisha. Hasira ilidumu mpaka niliposoma kwamba umetembea hadi Oldeani na miguu hiyo. Tuliishie hapo. Nimekusamehe, na Lesiamon pia, ingawa nimemwambia siku nyingine adabu aanzie kwenye kupokea simu.

Mwambie mama nitakuja Krismasi. Mwambie baba pia, nione kama atazidisha neno.

Kikao kilikuwa tarehe thelathini na moja. Nilimpa Bwana Patrisi ripoti siku moja kabla. Aliniita. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa nne akaniuliza, "Huyu Laurencia Hhando ni nani?"

Nikamwambia, shangazi yangu, aliyenisomesha.

Akasema, "Basi mtoe. Andika mteja. Hakuna ripoti inayotaja shangazi wa mtu, watakucheka."

Nilikuwa na maneno yako mkobani lakini sikuyahitaji. Nilimwambia kwamba mteja hakufanya hivyo, yeye ndiye aliyefanya, na amesema mwenyewe jina libaki. Nikamwekea kile kipande cha kava mezani. Akakipindua, akaangalia mishono, akavuta kwa nguvu zote, hakikufumuka. Akasema, "Huyu mama anashona!" Halafu akauliza kama wenye magari wanajua.

Nikasema wanajua wote ishirini na nne, Lesiamon alikuwa amenithibitishia. Amewaendea mmoja mmoja na mkasi, na hakuna aliyemtuma.

Kisha akanirudishia ripoti, akasema nisome kama ilivyo.

Nikasoma, na walicheka kweli. Kijana wa masoko alicheka mpaka akamwaga chai. Nilisubiri wamalize, kisha nikafungua ukurasa wa tano.

Shangazi, kila anayenunua gari kwetu anajaza fomu, na mstari wa mwisho unauliza nani amekuelekeza. Watu wengi huandika rafiki, au mtandao. Oktoba Karatu iliuza haibridi tatu, zote baada ya tarehe ishirini. Moja ni ya hoteli ile iliyomwacha Ngoyai, nyingine ya mdogo wake Ngoyai mwenyewe, ya tatu ya mwalimu mmoja wa Mang'ola. Niliwasomea kikaoni walichoandika kwenye mstari huo, fomu ya kwanza, ya pili na ya tatu, jina lile lile walilolicheka. Yadi imebaki. Mimi sirudi mapokezi.

Ripoti imepigwa chapa, nakala yako iko na kondakta. Jina lako limo mara mbili. Ukurasa wa nne, chini ya sababu ya mauzo kushuka. Ukurasa wa tano, chini ya sababu ya mauzo kupanda.

Mwanao,
Penina Fabian Hhando